Eksirei Mkononi: Faida ya Kupima Udongo kwa Sekunde

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2010, watoto wadogo wa Jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, walianza kufa kwa wingi usio wa kawaida. Wengi wao walishikwa na degedege kabla ya kukata roho. Katika nchi ya malaria, degedege la mtoto si jambo geni, na hapo mwanzo hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta mbali. Lakini dawa za malaria hazikufua dafu. Madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières wakapeleka damu ya watoto wachache katika maabara ya nje ya nchi, na jibu lililorudi lilishangaza kila mtu: damu ile ilikuwa imejaa madini ya risasi.

Mwezi Mei mwaka huohuo uchunguzi ulifanywa katika vijiji viwili, Dareta na Yargalma. Maboma ya familia 119 yalitembelewa. Kati ya watoto 463 wa chini ya umri wa miaka mitano waliohesabiwa, 118 walikuwa wamekwisha kufa katika muda wa miezi 12 iliyotangulia, yaani mtoto mmoja katika kila wanne. Watoto 204 miongoni mwa waliobaki walipimwa damu, na 198 wakaonekana kuwa na risasi isiyopungua mikrogramu 45 kwa kila desilita. Hicho ni kiwango ambacho mtoto hana budi kupewa dawa ya kuiondoa sumu mwilini.

Hivyo ugonjwa ukajulikana, na dawa yake ikajulikana. Hata hivyo swali kubwa lilikuwa bado halijajibiwa: sumu yenyewe iko wapi? Katika boma lipi, katika kona ipi ya ua, katika chumba kipi? Kumpa mtoto dawa na kumrudisha katika ua uleule wenye sumu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Na udongo wenye risasi haujulikani kwa kuutazama. Rangi yake ni ileile na harufu yake ni ileile. Jibu lilitakiwa upesi, kwani mwezi Juni mvua huanza, na mvua ikishanyesha udongo huchukuliwa na maji na kazi ya kuuondoa huwa ngumu mno.

Makala haya yanaeleza kifaa kilichosaidia kulijibu swali hilo, namna kinavyofanya kazi, na kwa nini uwezo wake wa kupima kwa haraka ulikuwa na thamani kubwa kuliko uwezo wa maabara kubwa iliyo mbali.

SUMU ILITOKA WAPI

Wanavijiji wa Zamfara walikuwa wakichimba dhahabu kwa mikono, kama wafanyavyo wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya nchini Tanzania. Mwamba uliovunjwa ulibebwa hadi majumbani, ukapondwa, ukasagwa kwa mashine za kusagia nafaka, ukaoshwa na kuanikwa uani. Kazi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa sababu bei ya dhahabu ilikuwa imepanda sana.

Msiba wao ni kwamba mwamba wa sehemu hiyo haukuwa na dhahabu peke yake. Ulikuwa pia na risasi nyingi kupita kawaida. Kila jiwe lililosagwa lilitoa vumbi, na vumbi likatua juu ya udongo wa ua, juu ya mikeka, na juu ya vyombo vya chakula. Mtoto anayetambaa huweka mikono kinywani mara nyingi kwa siku. Zaidi ya hayo, tumbo la mtoto hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi iliyomezwa kuliko tumbo la mtu mzima, na ubongo wake ungali unakua. Ndiyo maana waliokufa wengi walikuwa wadogo.

Wakati huo kiwango kilichotumiwa Marekani kuwa mpaka wa hatari katika udongo wa mahali wanapochezea watoto kilikuwa miligramu 400 za risasi kwa kila kilo ya udongo. Katika baadhi ya nyua za Zamfara kipimo kilipita miligramu 100,000 kwa kilo. Maana yake ni kwamba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya udongo ule ilikuwa risasi.

ATOMI HUJITAJA KWA JINA

Kifaa kilichotumiwa huitwa kichanganuzi cha fluoresensi ya eksirei. Kwa umbo hufanana na mashine ya umeme ya kutobolea mbao: kina mpini, kina kitufe cha kubonyeza kwa kidole cha shahada, na uzito wake haufiki kilo mbili. Mtumiaji hukigusisha pua yake ardhini, hubonyeza, hungoja sekunde kadhaa, na kioo chake huandika majina ya elementi na kiasi cha kila moja. Mwanafunzi wa sekondari anayo elimu ya kutosha kufahamu yanayotendeka ndani yake.

Atomi ya kila elementi ina kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kiini hicho zimo elektroni zilizopangika katika maganda. Ganda lililo karibu kabisa na kiini huitwa K, linalofuata huitwa L, kisha M. Elektroni za ndani zimeshikwa kwa nguvu kubwa kuliko za nje. Eksirei yenye nishati ya kutosha inapoipiga atomi, huweza kuing'oa elektroni moja ya ndani na kuacha pengo. Pengo hilo halidumu. Mara moja elektroni ya ganda la nje huanguka ndani kulijaza. Elektroni hiyo imetoka mahali pa nishati kubwa ikaingia mahali pa nishati ndogo; tofauti ya nishati haipotei bali huweza kutoka nje ikiwa eksirei mpya. Jambo hilo ndilo liitwalo fluoresensi ya eksirei.

Nishati ya eksirei hiyo mpya hutegemea umbali wa kinishati kati ya maganda, na umbali huo hutegemea idadi ya protoni katika kiini. Kwa hiyo kila elementi hutoa eksirei za nishati yake maalumu. Chuma hutoa ya kiloelektronivolti 6.4; shaba 8.0, dhahabu 9.7, risasi 10.5 na pia 12.6. Eksirei hizi za dhahabu na risasi hutokana na mapengo ya ganda L, si K. Kuing'oa elektroni ya ganda K la risasi kunahitaji kiloelektronivolti 88, na vichanganuzi vingi vya mkononi havifiki nguvu hiyo.

Sheria ya mpangilio huu iligunduliwa mwaka 1913 na Henry Moseley, mwanafizikia kijana wa Uingereza. Alipima eksirei za elementi moja baada ya nyingine, akaona kwamba kipeuo cha pili cha idadi ya mitetemo ya eksirei kwa sekunde huongezeka kwa hatua zilizo sawa kadiri namba ya atomi inavyoongezeka. Hivyo namba ya atomi, ambayo hapo awali ilikuwa namba ya foleni tu katika jedwali la elementi, ikapata maana ya kifizikia. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27. Kila kichanganuzi kinachotaja jina la elementi leo kinaitumia kanuni aliyoiacha.

KUTOKA MAABARANI HADI KIGANJANI

Kwa miaka mingi kupima kwa njia hii kulihitaji mtambo mzito usiohamishika. Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa chanzo cha eksirei. Vifaa vya kwanza vya kubebeka vilitumia vipande vidogo vya elementi zenye unururifu, kama vile kadimi-109. Vipande hivyo havihitaji umeme, lakini hufifia. Nusu ya nguvu ya kadimi-109 huisha kwa muda wa siku 462, na kadiri inavyofifia ndivyo kila kipimo kinavyochukua muda mrefu zaidi. Baadaye zikatengenezwa neli ndogo za eksirei zinazoendeshwa kwa betri. Neli haififii kama kadimi, na swichi ikizimwa haitoi mionzi yoyote.

Tatizo la pili lilikuwa kitambuzi. Kitambuzi ni kipande cha silikoni. Fotoni moja ya eksirei ikiingia humo, huzifungua elektroni nyingi, na idadi yake hulingana na nishati ya fotoni. Fotoni moja ya chuma, kwa mfano, hufungua elektroni zipatazo 1,750. Kwa kulipima pigo hilo dogo la umeme, kifaa hutambua fotoni ilitoka katika elementi gani. Vitambuzi vya zamani vilitakiwa kupozwa kwa nitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni vigumu kuibeba nitrojeni hiyo kijijini juu ya pikipiki.

Katika miaka ya 1980 Emilio Gatti na Pavel Rehak walibuni kitambuzi cha silikoni cha namna mpya, ambacho ndani yake elektroni husukumwa polepole kuelekea ncha moja ndogo sana ya kupokelea. Udogo wa ncha hiyo hupunguza makelele ya umeme na kuwezesha kila pigo kupimwa kwa muda mfupi mno. Kitambuzi hicho hupozwa kwa kipoozi kidogo cha umeme tu, na huweza kuhesabu fotoni mamia ya maelfu kwa sekunde moja. Uwezo huu wa kuhesabu ndio mzizi wa haraka inayozungumzwa hapa.

HARAKA NA USAHIHI

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika upimaji msemo huo una ukweli unaoweza kukokotolewa. Fotoni hazitoki kwa mpango kama askari wa gwaride. Hutoka kwa nasibu, kama matone ya mvua juu ya bati. Ukihesabu fotoni N, kosa la kawaida la hesabu hiyo ni kipeuo cha pili cha N.

Chukua mfano wa kifaa kinachopokea fotoni 100 za risasi kwa sekunde. Kikipima kwa sekunde moja, kosa ni 10 katika 100, yaani asilimia 10. Kikipima kwa sekunde 25, hupata fotoni 2,500, na kosa ni 50, yaani asilimia 2. Kikipima kwa sekunde 100, hupata fotoni 10,000, na kosa ni 100, yaani asilimia 1. Angalia bei ya usahihi: ili kulipunguza kosa kwa nusu, muda hauna budi kuongezwa mara nne.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila ya mashine yoyote. Debe lijazwe punje tisa za mahindi kwa kila punje moja ya maharage, zikichanganywa vizuri. Kila mwanafunzi achote punje 100 bila kuchagua na ahesabu maharage. Wachache watapata 10 kamili. Wengi watapata kati ya 7 na 13. Kisha kila mmoja achote punje 400. Majibu yatakusanyika karibu na 40, wengi wakiwa kati ya 34 na 46. Kosa la 3 katika 10 limekuwa 6 katika 40, yaani limeshuka kutoka asilimia 30 hadi 15, lakini kazi ya kuhesabu imekuwa mara nne.

Basi, je, haraka ni hasara? Jawabu hutegemea swali linaloulizwa. Katika Zamfara swali halikuwa, "Udongo huu una miligramu ngapi hasa?" Swali lilikuwa, "Je, umepita 400?" Ua wenye miligramu 20,000 ukipimwa kwa kosa la asilimia 10, jibu litakuwa baina ya 18,000 na 22,000. Majibu yote mawili yanatoa amri ileile: udongo uondolewe. Kutumia dakika tano zaidi ili kujua kama ni 19,600 au 20,300 hakumsaidii mtoto yeyote. Lakini ua wenye miligramu 420 ni jambo jingine. Hapo mpimaji hana budi kungoja zaidi, au kurudia kipimo mara kadhaa. Mpimaji stadi huharakisha penye jibu lililo dhahiri na hukawia penye mpaka.

Kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi. Sumu haikutawanyika kwa usawa. Mahali palipoanikwa mwamba paliweza kuwa na risasi mara nyingi kuliko mahali palipo hatua chache tu kutoka hapo. Katika hali hiyo kipimo kimoja kamilifu kutoka sehemu moja huweza kumpotosha mtu kuliko vipimo 20 vya haraka kutoka kila upande wa ua, kwa maana kosa kubwa halimo katika mashine, limo katika uchaguzi wa mahali pa kupima.

KAZI YENYEWE

Kwa njia ya kawaida, sampuli ya udongo hutiwa mfukoni, hupelekwa maabarani, hukaushwa, huchekechwa, huyeyushwa katika asidi, ndipo husomwa na mtambo. Jibu ni sahihi sana, lakini huja baada ya siku au majuma, wakati aliyeichukua sampuli amekwisha ondoka kijijini. Akigundua kuwa alipaswa kupima hatua tatu upande wa kulia, hana budi kusafiri tena.

Kwa kifaa cha mkononi, jibu la kipimo kimoja huongoza mahali pa kufanya kipimo kinachofuata. Kama hapa ni 300 na pale ni 5,000, mpimaji huufuata mkondo wa sumu kama mwindaji anavyofuata nyayo, mpaka apate mipaka yake. Vipimo 100 vya nusu dakika kila kimoja huchukua dakika 50 za mashine. Ramani ya boma zima hupatikana siku hiyohiyo.

Usafishaji wa Dareta na Yargalma ulianza mwezi Juni 2010. Penye zaidi ya miligramu 1,000 kwa kilo, udongo wa juu ulichimbwa, ukaondolewa na kuzikwa mbali na makazi, kisha ukawekwa udongo safi. Penye kati ya 400 na 1,000, udongo safi ulitandazwa juu. Wachimbaji walipomaliza sehemu, ilipimwa palepale. Ikiwa bado chafu, waliendelea kuchimba majembe yangali mkononi. Na udongo safi wenyewe uliweza kupimwa kabla ya kumwagwa. Mtoto aliyeanza matibabu alirudi katika ua uliokwisha safishwa. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2011 vijiji vingine vitano vilisafishwa kwa njia hiyohiyo.

MIPAKA YA KIFAA

Haifai kudhani kwamba kifaa hiki kinajua kila kitu. Kwanza, huona juu juu tu. Eksirei za risasi zinazotoka udongoni haziwezi kupenya zaidi ya milimita chache, hivyo sumu iliyofukiwa haionekani mpaka ichimbuliwe. Pili, udongo uliolowa hutoa kipimo cha chini kuliko ukweli, kwani maji huchukua nafasi na kufyonza eksirei. Hii ni sababu nyingine ya kuharakisha kazi kabla ya mvua.

Tatu, elementi huweza kufichana. Risasi hutoa eksirei ya 10.55, na aseniki hutoa ya 10.54. Kitambuzi hakiwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo risasi husomwa kwa eksirei yake ya pili, ya 12.6, na penye risasi nyingi sana kipimo cha aseniki huwa hakiaminiki. Nne, elementi nyepesi kama kaboni, nitrojeni na sodiamu hazipimiki kwa vifaa vya kawaida vya namna hii, kwa sababu eksirei zake ni dhaifu na hufyonzwa na hewa. Na tano, kifaa hutaja elementi, hakitaji kampaundi. Hakisemi kama risasi ni ya aina inayoyeyuka kwa urahisi tumboni. Kwa sababu hizo sampuli chache hupelekwa maabarani kila mara ili kuhakikisha kwamba kifaa hakijapotoka. Haraka ya uwanjani na uangalifu wa maabara havishindani, hukamilishana.

Tena kifaa hiki hutoa mionzi. Pua yake haielekezwi kwa mtu, wala sampuli haishikwi kwa vidole wakati wa kupima. Nchini Tanzania vifaa vya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na mtumiaji hana budi kupata mafunzo na kibali.

KIJIJI KILICHONGOJA

Hadithi ya Zamfara ina sehemu moja zaidi. Kijiji cha Bagega kilikuwa kikubwa kuliko vingine vyote vilivyosafishwa. Ilijulikana tangu 2010 kwamba udongo wake una sumu; kupima hakukuwa tatizo. Kilichokosekana ni fedha. Ziliahidiwa, zikangojwa, zikatolewa mwanzoni mwa mwaka 2013, na mwaka huo ndipo kijiji kikasafishwa. Kwa muda huo wote watoto wengi wa Bagega hawakuweza kuanzishiwa matibabu kamili, kwa kuwa nyua zao zilikuwa bado chafu. Kwa jumla, watoto wasiopungua 400 wanahesabiwa kuwa walikufa katika msiba wa Zamfara.

Wahenga hao hao waliosema haraka haraka haina baraka walisema pia: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kichanganuzi cha mkononi kiliweza kupunguza muda wa kupima kutoka majuma hadi sekunde. Hakikuweza kupunguza muda ambao barua hukaa juu ya meza ya ofisi. Vijana wanaojifunza fizikia na kemia leo ndio watakaovishika vifaa vya namna hii kesho, migodini, viwandani na katika idara za afya. Na baadhi yao watakaa kwenye meza hizo. Wanaposoma habari za maganda ya elektroni, na wakumbuke kwamba kipimo cha haraka humwokoa mtoto pale tu anapokuwapo mtu wa kukitumia kwa haraka.